Makundi Yote Niliyoyakosea, na Moja

Mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, ninyi mnaobaki redioni, na mmeniomba niandike kabla sijasahau. Nashukuru kwa heshima hiyo, ingawa aliyeniletea daftari jipya na kalamu mbili alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Sijasahau kitu. Vyeo sitaviandika, maana nilikuwa nacho kimoja tu na nilikipata kwa makosa. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaandika makundi.

Kwa miaka karibu thelathini kazi yangu ilikuwa hii: mashindano ya mpira yakikaribia, ninakaa mbele ya maikrofoni hapa Kolwezi na kuwaeleza watu timu za taifa zilizopangwa kundi moja. Nani ana kipa mzuri, nani ana mabeki wazito, nani atarudi nyumbani kabla nguo hazijakauka. Kama Kongo imo ndani ya kundi, nilikuwa namaliza kwa mambo mawili: mpangilio wa timu zote nne, na matokeo ya mechi zetu tatu. Kuyapata yote mawili ndiko tulikokuita kulipata kundi. Makundi ya watu wengine nimewahi kuyapata. Kundi letu, lile lenye Kongo, sikuwahi, na ninyi wote mnajua, ila mmekuwa na adabu ya kunyamaza. Mke wangu, Mama Odette, hana adabu hiyo. Alisema hata mbuzi, ukimtandikia bendera nne chini achague kwa kwato, angekuwa ameshapata siku moja. Nami nilitaka kulipata moja tu kabla ya kuacha kazi. Nilitaka sana, zaidi ya mzee mwenye akili anavyopaswa kutaka jambo la namna hiyo.

Redioni niliingia kama fundi wa jenereta. Jenereta kwetu tunaiita grupe, kwa Kifaransa chetu cha barabarani, na neno hilo mlikumbuke kwa dakika chache. Nilikuwa nimetoka karakana ya mgodini, kucha bado nyeusi. Nyuma ya jengo nilikuta grupe mbili: ndogo ya petroli, iliyoandikwa E kwa rangi nyeupe, na kubwa ya dizeli, iliyoandikwa D. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mpangaji asiyeaga, kwa hiyo grupe D ikinyamaza, Kolwezi nzima inabaki bila habari wala matangazo ya misiba.

Kiongozi wa habari alikuwa Mama Germaine, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho, aliyevaa miwani chini puani ili apate nafasi ya kukutazama kwa juu. Ndiye aliyenihoji kabla ya kuniajiri. Swali la mafuta nililijibu kwa dakika moja. La mpira, ambalo hakuliuliza, nililijibu kwa nusu saa. Kumbe alikuwa ameniwekea alama.

Siku yangu ya kwanza kazini, asubuhi, aliwakusanya wafanyakazi akawaambia kwamba mtangazaji wa michezo amehamia Lubumbashi bila kuaga, mashindano ya Afrika yanaanza wiki hiyo, na kila mtu atapewa kundi moja la kueleza. Mimi sikusikia hata neno. Nilikuwa nyuma ya jengo na mashine inaunguruma. Baadaye akanifuata huko huko, akasimama mbali kidogo na moshi, akaniita Tata, yaani baba, kwa heshima.

"Tata Célestin, grupe D utaitayarisha weye. Saa kumi na moja iingie mu antenne, hewani."

"Hakuna shida, Mama. Itaingia."

"Unaijua muzuri?"

"Minaijua ndani na inje, Mama."

Nikaifanyia kazi siku nzima. Nikabadilisha mafuta, nikasafisha chujio, nikakaza mkanda, nikaifuta mpaka ile herufi D ikang'aa. Ilipokaribia saa kumi na moja Mama Germaine akaja kunishika mkono, akaniingiza studio na kunivika visikizio. Nikadhani ni taratibu za kumkaribisha mfanyakazi mpya, nikaona hawa ni watu wazuri.

"Grupe D iko tayari?" akaninong'oneza.

"Iko tayari, Mama. Minabadilisha na mafuta."

Akanitazama juu ya miwani, lakini taa nyekundu ilikuwa imeshawaka. Akawatangazia wasikilizaji kwamba Tata Célestin atawaeleza hali ya grupe D. Mimi nikaeleza. Nikasema iko vizuri, nguvu ipo. Inaanza polepole, lakini ikishapata moto haisimami. Shida yake ni moja: ikielemewa sana, inatoa moshi nyuma. Simu ikalia. Mwanamume mmoja wa upande wa soko kuu akauliza kama hiyo inayotoa moshi nyuma ni Nigeria, kwa sababu na yeye mabeki wao anawaona hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kundi nalo kwa Kifaransa ni grupe, nikaelewa niko wapi na nimeitiwa nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli nirudi kwenye mashine zangu. Nikajibu, "Ndiyo, Tata, njo Nigeria."

Mama Germaine alicheka mpaka akavua miwani. Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi mbili, na ile ya pili ndiyo iliyonila.

Zana zake zilikuwa chache. Redio ndogo ya masafa mafupi, ambayo ilishika stesheni za mbali ukiiweka juu ya sufuria iliyogeuzwa chini juu. Daftari, ukurasa mmoja kwa kila timu ya taifa, unaanza na kipa na kumaliza na washambuliaji, kamwe usianze na wenye majina makubwa kwa sababu hao kila mtu anawajua. Kalamu nyekundu kwa nilichohakikisha na ya bluu kwa nilichosikia. Daftari zangu zipo nyumbani, mnaweza kuja kuziona. Ni za bluu karibu zote.

Lakini zana kubwa Mama Germaine alinipa kwa mdomo. Nilikuwa nimeisema timu ya Mali vibaya, nikaita mabeki wao miti iliyosahauliwa na msumeno, na watu walifurahi sana. Alisubiri nitoke studio.

"Tata Céles, kama unasema timu ya batu, mwenye timu akisikia aseme: njo siye bale. Kama hawezi kusema vile, hauyasema kitu. Unachekesha tu."

Ndipo, ili mwenye timu ajitambue katika maneno yangu, nikaanza desturi yangu ya kumtafuta mtu wa nchi ile kabla ya kufungua mdomo. Kolwezi kuna shaba na kobalti, na penye shaba na kobalti watu wa kila bendera hupita. Kwa Mali nilimwendea fundi cherehani aliyekuwa na kibanda nyuma ya msikiti. Alinieleza safu yake ya kati huku akinipima suruali ambayo sikuwa nimeagiza, na nikainunua. Kwa Angola nilipanda treni mpaka Kasaji, ambako kuna wazee waliokulia upande wa pili wa mpaka, na treni ilichukua muda mrefu hivi kwamba niliporudi Angola walikuwa wamebadilisha kocha. Kwa Cape Verde nilikosa mtu kabisa. Niliuliza migodini, niliuliza makanisani, mwishowe nikampata mwanamume aliyesema hajawahi kufika huko lakini anajua Kireno. Nikamwandika kwa bluu.

Kundi hilo la Cape Verde lilikuwa letu, na Zambia na Tunisia walikuwamo. Nikasema Kongo ya kwanza, ushindi mara tatu. Tulipata sare tatu, mechi zote tatu, na tukapita tukiwa wa pili. Watu walicheza barabarani na mimi nilijificha nyumbani. Miaka miwili baadaye nikasema tena Kongo ya kwanza, ushindi mara tatu. Safari hiyo tulikuwa wa kwanza kweli, na nilikuwa nimeshavaa suti ya kwenda kupongezwa, ila katikati ya ushindi wetu ilijipenyeza sare moja. Mama Odette alinivua koti mwenyewe. "We hautabiri," akasema. "We unaomba."

Alisema kweli. Mbele ya maikrofoni nilikuwa mtu mwenye daftari mpaka nifike ukurasa wa Kongo. Hapo kitu kinapanda kutoka tumboni, sauti inakua, na ninasikia mdomo wangu ukisema wa kwanza, ushindi mara tatu, kabla kichwa hakijaombwa maoni. Ningeweza kuwaambia ni uzalendo. Ni furaha tu. Bado timu haijaingia uwanjani na mimi nimeshashangilia.

Basi ikafika mwaka wangu wa mwisho kazini, na mashindano ya Afrika yaliyochezwa Côte d'Ivoire. Siku ya kupanga makundi tulikaa redioni tukisikiliza bendera zikitolewa moja moja. Moroko. Kongo. Zambia. Tanzania. Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Ninyi mlikuwepo, mliona. Zambia ni jirani, mtu akipiga chafya upande wao tunasikia. Tanzania ndiko shaba yetu inakokwenda kupanda meli, na madereva wao wamejaa Fungurume wakisubiri kupakia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kundi ambalo ningeweza kulihoji kwa miguu, na ndilo lilikuwa la mwisho.

Nikachukua basi mpaka Fungurume na daftari kwapani. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara na madereva wamekaa kwenye vivuli vyake wakiosha nguo na kunyoana. Dereva wa Zambia niliyempata, Ba Mwansa, alinieleza timu yake kwa masikitiko, kama mtu anayemsema mtoto wake mwenye akili asiyependa shule. Wanashambulia vizuri, akasema, wanafunga mapema, halafu wanasahau walikuja kufanya nini. Nikaandika kwa nyekundu.

Mtanzania aliitwa Shabani, mtu wa Mbeya, mnene, mwenye kofia ya kufuma. Alinisalimia, "Shikamoo, mzee." Huku kwetu salamu hiyo hatuna, nikajibu asante. Akacheka, akanifundisha kwamba inajibiwa marahaba, kisha akanivutia ndoo niketi.

"Mzee wangu, mimi sikudanganyi," akasema. "Sisi tunazuia vizuri sana. Kufunga ndiyo mtihani. Ukituona tumepata kona, ujue tumefurahi kama tumepata goli."

"Mutapita?"

"Moyo unasema tutapita. Wewe umekuja kuuliza moyo au umekuja kuuliza mimi?"

Swali hilo lilinikaa mwilini njia nzima. Nikashuka Tenke, ambako Mama Germaine anaishi tangu alipostaafu, analima mihogo na kusikiliza redio yetu ili apate makosa. Nilimwekea daftari mezani. Alisoma Moroko, akasoma Zambia, akasoma Tanzania, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua ukurasa wa Kongo. Ulikuwa wa bluu kuanzia juu hadi chini. Mwishoni nilikuwa nimeandika: ya kwanza, ushindi mara tatu.

Aliteremsha miwani kidogo, akanitazama kwa juu.

"Tata Céles," akasema.

Nikavuta daftari, nikaukata mstari huo. Nikaanza upya hapo hapo mezani kwake, kama vile Kongo ilikuwa nchi ya mtu mwingine. Wachezaji wazuri, hawaogopi mtu. Wanakosa nafasi nyingi. Hawakubali kufungwa kirahisi. Moroko walikuwa wametoka kufika nusu fainali ya dunia, hao hawakuhitaji shahidi. Zambia watatufunga mapema na kusahau, tutasawazisha. Moroko watatuona wadogo, tutawashika. Tanzania watazuia, na sisi tutakosa. Nilipomaliza nilisoma nilichoandika. Moroko ya kwanza. Kongo ya pili, kwa sare tatu. Zambia ya tatu. Tanzania ya nne. Yote kwa kalamu nyekundu.

"Sasa hii uiseme mu radio," akasema Mama Germaine. "Mi nitasikiliza."

Siku ya kipindi niliingia studio. Nilieleza timu tatu kwa raha zangu. Nikafika Kongo, na kile kitu kikaanza kupanda kutoka tumboni kama kawaida yake. Nikashika meza kwa mikono miwili. "Kongo ya pili," nikasema. "Sare, sare, sare." Kijana wa mitambo aligeuka akanitazama nyuma ya kioo kana kwamba nimetukana.

Simu zikawaka zote. Mama mmoja wa mtaa wa Manika aliuliza kama nimehongwa na Wamoroko. Tata mmoja akataka kujua kadi yangu ya uraia imetoka wapi. Mwingine akasema tu, "Tata Célestin, siku ya mwisho unatuachia vile?" na akakata, na huyo aliniumiza kweli. Nikalegea. Nilikuwa bado na mpangilio wangu, sikuubadilisha, lakini nilitaka kuwarudishia watu furaha kidogo, nikasema, "Musikasirike. Sare ni hesabu tu. Lakini tukiamka muzuri ile siku, bale Batanzania tunabapika bote."

Hapa lazima niwafafanulie wale watakaosoma haya mbali na Katanga. Ulimi wetu neno kupiga unalitamka kupika. Tunapika simu, tunapika picha, tunapika muziki, na timu tunayoifunga tumeipika. Sombe, yaani kisamvu, pia tunapika, na hatujawahi kuchanganya. Tatizo ni kwamba hali ya hewa siku hiyo ilikuwa njema na mawimbi yetu yalifika Fungurume, kwenye foleni ya malori, ambako redio ya Shabani ilikuwa wazi.

Simu iliyofuata ilikuwa yake. Nilimtambua kabla hajajitaja.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba," nikajibu, kwa kujivuna.

"Hapa tuko madereva tisa, sote Watanzania. Tumesikia mnataka kutupika. Tunaomba kujua tu, ni kwa nazi au kwa mafuta? Kuna mwenzetu mmoja ana shinikizo la damu."

Nilijaribu kueleza habari ya g na k. Kadiri nilivyoeleza ndivyo kicheko upande wa pili kilivyozidi, na cha kwangu kikafuata, na kijana wa mitambo akalala juu ya vitufe vyake na tukarusha muziki kwa bahati mbaya. Tuliporudi hewani Shabani alikuwa bado anasubiri. Akanialika Fungurume kwa mechi ya tatu, ya kwetu na wao, tukaone nani atampika mwenzake. Nikakubali mbele ya mji mzima.

Mji ulikuwa bado haujanisamehe. Kwa Kifaransa sare ni nul, na mtu asiyefaa kitu naye ni nul. Kesho yake sokoni nikawa Tata Nul, na walioniita hivyo walijua vizuri wanachagua neno gani. Halafu mechi zikaanza. Zambia walitufunga mapema, wakasahau, tukasawazisha. Sare. Moroko walitufunga mapema, tukakosa penalti, nikafikiri basi, Tata Nul kwa maana ya pili, kisha tukasawazisha kipindi cha mwisho. Sare. Sasa walioniita Tata Nul walianza kuniita hivyo kwa sauti ya chini, kwa heshima, na mwuza mkate akaniuliza kama ningeweza kumwangalia na yeye mambo yake ya ndoa.

Nilikuwa nimebakiwa na mechi moja. Sare ya tatu, na Zambia wasiwashinde Moroko, na ningekuwa nimelipata kundi letu. Mama Odette alinipigia pasi shati mwenyewe. "Uende," akasema. "Utanipikia simu ikiisha."

Restora ya Mama Kabedi huko Fungurume ina televisheni moja na viti visivyotosha. Madereva tisa walikuwa wamekaa mbele, na juu ya meza yao sufuria kubwa ya pilau, na kwenye kifuniko chake karatasi imebandikwa: TUMEJIPIKA WENYEWE. Watu wa Fungurume walijaza nafasi iliyobaki mpaka mlangoni. Shabani alinitunzia kiti kando yake. Hali ilikuwa wazi kwa kila mtu pale ndani: sisi tukitoka sare tunapita, wao wakishinda wanapita badala yetu. Alinipakulia pilau, akasema, "Kula, mzee. Leo mmoja wetu atalala vibaya."

Ilikuwa mechi kama nilivyoiandika. Walizuia. Tulikosa. Kipindi cha kwanza nilikuwa mtulivu kama hakimu. Habari zikaja kwamba Moroko wanaongoza dhidi ya Zambia, na nikaona mpangilio wangu wote umekaa pale juu ya kioo, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, haupungukiwi kitu ila muda kupita. Watanzania walipata kona na kweli walifurahi kama goli. Shabani alinigonga bega bila kunitazama. Nilikuwa nahesabu dakika. Sikuwahi kuitazama Kongo hivyo, mikono imekunjwa, nikiomba kitu kisitokee.

Halafu, karibu na mwisho, mpira ukamfikia mtu wetu ndani ya eneo la hatari na hakuwa na mtu mbele yake ila kipa.

Sijui nilisimamaje. Kiti kilianguka, sahani ya pilau ikaenda chini, na mimi nilikuwa hewani, mzee mwenye shati lililopigwa pasi, nikilia "ingia, ingia" kwa sauti ambayo sikuijua. Nilisahau kundi. Nilisahau sare, nilisahau kalamu nyekundu, nilisahau miaka yote. Nilitaka goli lile, na kama lingeniacha mwongo kwa mara ya mwisho, basi mwongo. Mpira ulipita pembeni mwa mlingoti.

Nikabaki nimesimama, mikono kichwani, na machozi yakaanza kushuka yenyewe. Hata filimbi ya mwisho sikuisikia. Nilisikia tu restora nzima ikilipuka, watu wa Fungurume wanabebana, Mama Kabedi anapiga sufuria tupu kwa mwiko, na mtu fulani ananipigia kelele masikioni kwamba tumepita, Tata Nul, sare tatu, ulisema. Walininyanyua. Madereva walikuwa wamekaa, kofia magotini. Niliposhushwa chini Shabani aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wetu, ulituweka wa nne," akasema. "Na ndivyo tulivyo. Lakini mbona ulisimama? Ungeharibu hesabu zako."

Simu ilikuwa inalia mfukoni, alikuwa Mama Odette, hakuweza kusubiri nipige mimi. Nikatoka nje, kando ya malori, nikaziba sikio moja kwa kidole.

"Tata Céles. Unalipata kundi?"

"Minalipata, Mama. Yote. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine. Na sare tatu."

"Sasa juu ya nini sauti yako iko vile? Uko unalia?"

"Mupira inapita pembeni ya mulingoti," nikamwambia. "Kidogo tu, Mama. Ilikuwa ya kuingia."